Kazi ya Kundi

Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alisema mtu hujifunza vizuri akishikwa mkono na anayejua zaidi. Bahati yake, hakuwahi kuunganishwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Tuko kumi na wanane. Swali la mhadhiri limebandikwa saa mbili usiku. Majibu ni "pamoja sana", madole gumba saba, dua ya asubuhi (usiku huo huo, ndiyo) na tangazo la vitenge. Saa sita kasoro dada mmoja, mtoto analia pembeni yake, anatuma kurasa nne alizoandika peke yake. Hapo kundi zima linaamka: "Hongera mpendwa, umetuwakilisha! Ila jina langu umelikosea, rekebisha kabla hujatuma."