Chomeka Tu, Bosi

Hongera. Umenunua kikompyuta cha mtumba, Dell au HP au Lenovo, kidogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa mkate, na muuzaji amekuhakikishia kwamba kwa kuwa monita unayo na kibodi unayo, ukifika nyumbani Mchikichini ni kuchomeka tu. Litunze hilo neno "tu". Ndilo ghali kuliko vyote ulivyobeba.

Jambo la kwanza: kabla ya kwenda kutafuta waya, usithubutu kuangalia mgongo wa monita. Anayeuangalia ataona tundu la bluu lenye vijitobo 15 katika mistari mitatu, na skrubu huku na huku. Hiyo ni VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, na mpaka leo haijakubali kustaafu. Akikigeuza na kile kisanduku atakuta DisplayPort, kijitundu bapa kilichokatwa pembe moja. Gizani utakidhania HDMI, ila HDMI imebanwa pembe zote mbili za chini. Mtu mwenye picha za matundu hayo kwenye simu huenda Kariakoo na kurudi mapema, hana hata cha kusimulia. Wewe nenda mikono mitupu.

Shika Mtaa wa Uhuru mpaka Mtaa wa Msimbazi. Kabla hujafika dukani winga atakuwa ameshakupokea.

"Bosi wangu, unatafuta nini?"

"Waya wa kompyuta."

Atafurahi kweli, maana umemwachia uwanja mzima. Atakwambia ipo, subiri hapo hapo, kisha atapotelea kichochoroni na kurudi na kitu kwenye nailoni, bei yake ikiwa na posho yake ndani. Ukiuliza kama kimejaribiwa utajibiwa kwamba ni orijino. Chukua, lipa, risiti usidai.

Hapa nikiri yangu. Jirani yangu alikuwa na kompyuta ya HDMI na monita ya DisplayPort. Tukanunua waya wenye kichwa hiki upande huu na kile upande ule. Vikaingia vyote bila kusukumwa, na kioo kikabaki cheusi. Tukachomoa, tukapuliza, tukachomeka tena. Shemeji akashauri monita ipigwe kofi. Kumbe waya wa aina ile kwa kawaida hujua njia moja tu: kutoa picha kwenye DisplayPort na kuipeleka HDMI. Kinyume chake haujui, na hakuna aliyeuandika hivyo ubavuni. Hata kuutoa ikawa kazi, kwa sababu kichwa cha DisplayPort mara nyingi kina vijino viwili vinavyong'ata, na kibonyezo cha kuviachia. Jirani hakukiona kibonyezo. Alivuta kama anang'oa muhogo.

Kibodi nayo ina vituko vyake. Ile ya zamani yenye kichwa cha duara cha zambarau haitapata pa kuingia, kwani kisanduku kina USB tupu. Kuna kigeuzi cha bei poa, lakini hicho hufaa tu kwa kibodi iliyotengenezwa ikijua lugha zote mbili, nyingine zitakutazama. Basi utanunua kibodi ya mtumba, na mtumba wa Ulaya huja na desturi za kwao. Kwenye ya Kijerumani, Z na Y zimebadilishana viti, kwa hiyo utaandika Zanzibar na kusoma Yanyibar. Dawa ipo kwenye mipangilio ya kompyuta, ni bure, na ndiyo maana hutaambiwa dukani.

Chaja ikiwa na miguu miwili ya duara, fundi wa mtaa atachukua kalamu, ataisokomeza kwenye tundu la juu la soketi ili vifuniko vya chini vifunguke, kisha atapachika. Hapa utani nauweka kando: tundu hilo ni la waya wa ardhi, halikuwekwa kwa ajili ya kalamu. Nunua plagi ya miguu mitatu.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wakubwa wale hawakuwahi kukutana na adapta ya Kariakoo, ila naona moyo uliwatuma.

Ukishanunua kila kitu na kioo bado kinalia kwamba hakipati signali, papasa ukingo wa chini wa monita. Kuna kitufe cha kuchagua tundu la kusikiliza. Huenda ilikuwa inasikiliza VGA siku zote hizo wewe ukihangaika na lingine.

Mimi nina adapta nne kwenye boksi la viatu. Ukipita Mchikichini, karibu uchague. Inayokufaa haimo.