Pauni Kumi na Tano kwa Mwezi

Jumanne, 3 Juni 2025
Simu imekataa kusoma pasipoti yangu kwa sababu ya mwanga wa dirishani. Mama wa Kikongo wa chumba cha pili akaziba dirisha kwa shuka, ikakubali. Ombi langu la Universal Credit, msaada wa serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo, limeingia. Malipo ya kwanza ni 9 Julai: mwezi mmoja wa kupima kipato, kisha siku saba za kuandaa malipo. Hadi Februari 2018 watu walisubiri wiki sita. Hizi tano bado ni nyingi kwa mtu ambaye mshahara wake wa usafi ulikuwa wa kila wiki.

Alhamisi, 5 Juni
Nilipiga simu ofisi ya Universal Credit, nikasikiliza muziki wa kusubiri tangu kituo cha basi. Ilipopokelewa, basi lilikuwa chini ya daraja na sauti ikakatika. Jioni nikampata msimamizi wangu, dada mpole. Akaeleza advansi: naweza kuomba hadi kiasi chote cha malipo ya mwezi wa kwanza, haina riba, na kuirudisha ni hadi miezi 24. Makato yanaanza na malipo yale yale ya kwanza. Kwangu, niliyepita miaka 25 na sina mwenzi, posho ni pauni 400.14. Nikaomba 360, yaani 15 kila mwezi.

Jumatatu, 9 Juni
Pesa zimeingia wakati duka la mchele limefungwa. Nimelipa nauli ya mwezi na deni la unga kwa jirani. Mdogo wangu wa Tanga akapiga simu: "Dada, serikali imekupa?" Nikamwambia imenikopesha. Akauliza, "Mtu asiye na kazi anakopeshwaje?" Swali lake ni la haki. Mfumo huu ulipangwa ufanane na mshahara wa mwisho wa mwezi, na anayeingia bila akiba anaanza na deni kabla hajapokea hata senti ya haki yake. Hapo ndipo ninapokataa. Malipo ya kwanza yangetolewa mapema kama malipo, si kama mkopo.

Jumamosi, 21 Juni
Umeme ulikatika maharage yakiwa nusu mbichi. Mita yangu, ya kulipia kabla ya kutumia, ilikuwa imenikopesha umeme wake wa dharura. Nikaongeza pauni kumi, ikajilipa kwanza, iliyobaki ikatosha kuivisha maharage. Tumekula saa nne usiku.

Jumatano, 9 Julai
Zimeingia 385.14. Mama wa Kikongo alidhani nimedhulumiwa, nikamwonyesha mstari wa makato. Tangu Aprili mwaka huu makato mengi, yakijumlishwa, hayapaswi kupita asilimia 15 ya posho ya msingi. Zamani yalifika 40. Nafuu hiyo ni ya kweli, hasa kwa aliyekopa zaidi yangu. Lakini pauni 15 zangu ni nauli ya siku kadhaa, na zitatoka kila mwezi hadi katikati ya 2027.

Ijumaa, 11 Julai
Mama wa Kikongo naye kazi yake imeisha. Nimemwambia aombe mkalimani, ni bure, na akiomba advansi ataje kiasi anachokihitaji kweli. Mambo yakimbana, aombe makato yaahirishwe. Ofisi inaweza kukubali hadi miezi mitatu. Jumatatu saa nne asubuhi tunakwenda huko ofisini pamoja. Pasipoti yake imelowa chai pembeni, tumeianika juu ya jokofu.