Ushei wa Kiingereza

Mtu aliyelelewa katika Kiswahili, akafunzwa tangu utotoni kwamba saa moja kasorobo si saa moja, wala saa moja na ushei si saa moja kasorobo, huingia katika Kiingereza kama mpimaji mwenye kamba nzuri aingiavyo katika shamba lisilo na mipaka. Ndivyo nilivyoingia mimi nilipokwenda London kusoma. Sandukuni nilikuwa na makoti mawili na kamusi moja ndogo, na kichwani nilikuwa na kanuni zote za sarufi nilizochapiwa bakora hata nikazihifadhi. Lakini katika walimu wangu hakutokea hata mmoja wa kunihadharisha juu ya yale maneno madogo ya kukadiria, jamii ya takriban, kiasi na kama hivi, ambayo Mwingereza huyanyunyiza katika usemi wake mithili ya chumvi, na ambayo yalinitia katika fedheha kuliko vitenzi vyote vikaidi vya lugha hiyo.

Fedheha ya kwanza ililetwa na ukarimu. Mwalimu wangu, mzee mwenye murua, alinialika chakula cha jioni nyumbani kwake, akasema nije "sevenish". "Seven" niliijua, nikaigeuza upesi kwa hesabu yetu ikawa saa moja ya usiku; ila hiyo "ish" haikuwamo katika kamusi yangu. Nilikumbuka kwamba kipande hicho hicho kimekaa mwishoni mwa "reddish", yaani wekundu usiotimia, na mwishoni mwa jina "English" lenyewe. Nikakata shauri, kwa ujasiri wa mwanafunzi, kwamba "sevenish" ni saba isiyotimia, na saba isiyotimia haiwezi kuwa ila ile iliyo kabla ya saba. Basi saa moja kasoro dakika 20 nikabisha hodi. Alinifungulia mke wa mwalimu, taulo kichwani, na nyuma yake nikamwona mwalimu mwenyewe katika fulana, kisu mkono mmoja na kiazi mkono wa pili. Walinipokea kwa tabasamu ambalo nalo halikutimia, wakaniketisha sebuleni pamoja na paka.

Wageni wengine waliingia saa moja na dakika kumi, wote kwa mkupuo mmoja, kana kwamba walikuwa wamejibanza nyuma ya ua wakingoja ishara. Nilipomdadisi mmoja wao, aliniungamia kwa sauti ya chini kwamba alifika mapema, akaona haya, akauzunguka mtaa mara mbili katika baridi ile. Hapo nikafahamu kwamba "ish" kwa sarufi hutazama mbele na nyuma, lakini kwa adabu ina jicho moja tu, nalo hutazama mbele. Baadaye nilisoma kwamba neno "about", ambalo ni ndugu wa "ish" katika kazi hii, katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kuwa nje ya kitu na kukizunguka. Kwa hiyo mgeni yule aliyeuzunguka mtaa alikuwa akiifasiri lugha yake kwa miguu.

Nilipokwisha kuerevuka juu ya "about" ya saa, nikaangushwa na "about" nyingine. Nilikuwa katika stesheni ya Victoria nikielekea Brighton, nimekwisha kuweka sanduku langu ndani ya behewa, nikamsikia mtumishi wa stesheni akipaza sauti kwamba treni ilikuwa "about to leave". Nikapiga kiasi: ikiwa "about" ya mwaliko ina wasaa wa robo saa, "about" ya treni haiwezi kukosa wasaa wa kikombe cha chai. Laiti ningalijua kwamba neno hilo, likifuatwa na saa, ni legevu kama kamba ya punda, bali likifuatwa na tendo hukaza kama uzi wa upinde na kumaanisha kwamba jambo liko ukingoni kabisa! Niligeuka na chai yangu mkononi nikauona mkia wa treni. Sanduku lilikwenda Brighton peke yake, nikalikuta siku ya pili katika chumba cha vitu vilivyosahauliwa, limefika salama na kwa wakati wake, kama msafiri ajuaye Kiingereza kuliko mwenyewe.

Lakini taksiri hizo mbili ni chembe mbele ya mambo niliyofanyiwa na neno "quite". Insha yangu ya kwanza ilirudi imeandikwa kwa wino mwekundu "quite good". Kamusi yangu ilisema kwamba "quite" ni kabisa. Nikamwandikia baba, huko Tanga, kwamba mwalimu wa Kiingereza ameshuhudia kwa mkono wake kuwa insha ya mwanawe ni nzuri kabisa. Baba naye, Mungu amrehemu, akachinja mbuzi, akawaita majirani, dua ikasomwa. Mbuzi alikuwa amekwisha kuliwa mifupa ikabaki, ndipo mwenzangu mmoja Mwingereza aliponieleza kwamba "quite", ikitangulia sifa yenye ngazi za kupanda na kushuka, kama uzuri au joto, katika kinywa cha Mwingereza aghalabu huipunguza, na kwamba insha yangu ilikuwa nzuri kiasi, tena kiasi chenyewe haba. Mmarekani aliyekuwa pamoja nasi alipinga, kwa sababu kwao neno hilo hilo huzidisha sifa. Nikatamani lau mwalimu wangu angalizaliwa Chicago.

Insha ya pili ilirudi na maneno "quite wrong". Nilifurahi, maana sasa nilikuwa mjuzi: kosa lenyewe lilikuwa kosa kiasi. Kumbe sifa isiyo na ngazi, ambayo ama ipo ama haipo, ikitanguliwa na "quite" hukamilishwa, na neno hurudia ile maana ya kabisa niliyoifuta kwa kalamu katika kamusi. Hivyo neno moja, katika muda wa mwezi mmoja, lilinipunguzia uzuri wangu na kunitimizia kosa langu. Mwalimu akaniita aniulize nasomaje usiku. Nikataka kumwambia kwamba nafanya kazi kwa bidii. Na kwa kuwa bidii ni "hard", na kanuni inaamuru sifa itiwe "ly" ipate kueleza tendo, nikamjibu kwa fahari kwamba usiku "I hardly work". Maana yake ni kwamba kazi siigusi ila kwa shida. Mzee alizitazama insha zangu mbili mezani, akanitazama mimi, akasema kwamba jambo hilo alikuwa amekwisha kulishuku.

Kwa muda mrefu nilistaajabu. Hawa ndio watu wa Greenwich, ambako tangu mwaka 1833 uko mpira juu ya mlingoti unaoangushwa saa saba kamili ya mchana, uliowekwa ili manahodha katika mto Thames warekebishe saa zao. Na mwaka 1884 mkutano wa mataifa huko Washington uliuchagua mstari wa Greenwich uwe mwanzo wa kuhesabia longitudo. Inakuwaje watu waliowagawia walimwengu saa kamili waambiane wenyewe "sevenish"? Jibu nililipata sebuleni kwa mwalimu, nikiwa na paka. "Ish" ile ilikuwa kipande cha muda alichojiwekea mwenye nyumba ili amalize viazi vyake na kuvaa shati, na mgeni ili asimfumanie. Mimi nikakitwaa kipande hicho kama haki yangu. Maneno hayo hupima staha kuliko yanavyopima saa, na kamusi ya mfukoni haina ukurasa wa staha.

Wala sisi hatujasalimika. Miaka ilipopita, yule mwenzangu Mwingereza alikuja Tanga kunitembelea, naye ameshika kamusi yake ndogo. Akabisha hodi, mama akamwitikia kutoka uani, "Karibu!" Mgeni alikuwa amesoma kwamba karibu ni pungufu kidogo ya kutimia, nduguye takriban, nao kweli ni wa shina moja la Kiarabu, basi akasimama kizingitini juani, kofia mkononi, akingoja itimie. Mama akarudia karibu mara tatu, na kila mara mgeni akaitikia kwa kichwa kwa adabu, asisogee hatua.

Basi msomaji, ukialikwa "sevenish", fika kwa wakati kisha uzunguke mtaa; ukisikia "about to", panda, chai utainywa mbele ya safari; na insha yako ikisifiwa "quite good", usiandike barua nyumbani kabla ya kuuliza mwalimu amezaliwa nchi gani, maana mbuzi akisha kuchinjwa harudi zizini.