Jina? Sikudhani

Wazee wa pwani yetu hawakuhangaika kutafuta majina. Aliyezaliwa Ijumaa ni Mwajuma, aliyezaliwa usiku ni Chausiku, wa tatu ni Tatu, mambo yakaisha. Nyumbani kwetu dada zangu walifuata mstari huo: Mwajuma, Pili, Tatu. Ikapita miaka, mama akagawa nguo zote za kichanga kwa majirani, ndipo nikaingia mimi. Nikaitwa Sikudhani. Baada yangu akaja mdogo wangu wa kiume, Mashaka, na hapo wazazi wakafunga hesabu.

Hayo ni maelezo ya mama. Shangazi ana yake. Anasema jina alilitoa bibi, na wala halikunihusu mimi; lilimhusu jirani aliyekula naye sahani moja kisha akaenda kumsema kisimani. Mwenye uwezo angenunua kanga yenye maneno makali, akajifunga na kupita mlangoni kwa mbaya wake. Bibi hakuwa na hela ya kanga, alikuwa na mjukuu. Kila jioni akawa ananiita huku ameuelekea ua wa jirani: "Sikudhaaani!" Jirani amekwisha kufa, bibi naye, Mungu awarehemu wote wawili. Ujumbe ninao mimi, nazunguka nao mjini nikiwafikishia watu wasiohusika.

Askari, kwa mfano. Nilipoibiwa simu nikaenda kituoni kutoa taarifa. Akaniuliza jina. "Sikudhani." Akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma. "Mama, wote wanaokuja hapa hawakudhani. Nimekuuliza jina."

Hospitali ndiyo usiseme. Muuguzi akachungulia dirishani na faili mkononi: "Sikudhani!" Kabla sijainuka, mzee mmoja aliyekuwa pale tangu alfajiri akadakia: "Hata mimi, mwanangu, sikudhani kama saa tano itanikuta kwenye benchi hili." Benchi zima likaunga mkono, kila mtu akaanza kueleza asichokidhani. Faili langu likarudishwa ndani kwa kuwa mwenyewe hakuitika.

Siku ya ndoa yangu, nilisimuliwa, sheikh alimtamkisha bwana harusi kwamba amekubali kumuoa Sikudhani kwa mahari waliyokubaliana. Bwana harusi akatamka vizuri, bila kigugumizi. Mjomba wake, ambaye masikio yake hayasikii sawasawa na kwa hiyo hunong'ona kwa kelele, akamuuliza wa pembeni: "Kama hakudhani, anaoa kwa nini?"

Hayo ni ya mdomoni, na ya mdomoni yana nafuu. Kazi iko kwenye maandishi. Kudhani tumekupata kwa Waarabu pamoja na hiyo dh yake, lakini si kila ulimi uliipokea. Wengi huona z inatosha, na hapo mimi hugeuka Sikuzani. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Sikudhani, kitambulisho kinasema Sikuzani, na benki ikasema hao ni watu wawili, waje wote. Nikaelekezwa kwa wakili. Nikaapa, kwa ada na muhuri, kwamba Sikudhani anamfahamu Sikuzani tangu kuzaliwa na kwamba wanalala kitanda kimoja. Wakili alikataa kuandika hilo la kitanda.

Hata baada ya kiapo, mteja wangu mmoja wa vitenge alitaka kunilipa kwa simu, akaona SIKUZANI kwenye skrini, akasitisha. Akanipigia kwa namba nyingine, sauti ya chini: "Dada, matapeli wameshaiingilia namba yako."

Wapo wanaonishauri nibadili. Wananitolea mfano wa Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa, kabla ya kupata jina la heshima na kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Nawajibu kwamba Siti alikuwa na sauti, mimi nina vitenge. Isitoshe, jina hili halimzuii mtu kufika anakokwenda. Sikudhani Chikambo amewahi kuwa mbunge wa viti maalumu, na sijasikia kiti kikiuliza hakudhani nini.

Ila nakiri tunapungua. Sikudhani ninaokutana nao ni watu wazima, wengi wa pwani na kusini, na tukikutana tunashikana mikono kama wanajeshi wastaafu. Darasani kwa binti yangu hakuna hata mmoja. Nasra wamejaa, mwalimu huwatofautisha kwa majina ya baba zao. Binti yangu ni mmoja wa hao Nasra. Shangazi alininunia kwa kulikwepa jina la ukoo, lakini ningefanyaje? Huyu nilimdhani kwa miezi tisa yote.

Na bado sioni kama nimemwonea. Jina adimu lina gharama zake, muulize Mangi wa dukani kwetu. Kwenye daftari lake la madeni mama Asha na mama Nasra wamejaa, na kila mwisho wa mwezi wanabishana ni yupi aliyechukua kilo mbili za mchele, hadi Mangi anachoka na kusamehe nusu. Mstari wangu hauna mbia. Nikimwambia, "Mangi, sikudhani kama limefika elfu arobaini," anaweka kidole kwenye jina na kunijibu, "Eeh, Sikudhani huyohuyo. Lipa."