Kimeisha Si Hakuna

Siku yangu ya kwanza kazini Posta nilibeba chakula kutoka nyumbani Kimara. Mke wangu alipanga wali chini, dagaa wa nazi juu, akabana mfuniko na kuuombea dua. Daladala ilipopiga breki Manzese, mfuniko ukafunguka na mchuzi ukashukia bahasha ya vyeti. Miaka kumi na saba imepita. Cheti changu cha kidato cha nne kimetolewa na Baraza la Mitihani, lakini ukikinusa utadhani kimetolewa na wavuvi wa Mwanza.

Tangu hapo nikaacha kubeba. Nikawa mtu wa kula nje, tena mwenye mahudhurio mazuri kuliko ya ofisini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na ikifika saa saba mchana huwa naona kama wote wamekuja kugombea benchi ninalolitaka mimi. Katika kugombea huko nimepata elimu, na elimu yenyewe ni hii: hotelini kuna maneno mawili ambayo mwenye njaa huyasikia kama neno moja, kumbe yako mbali kama Kimara na Kigamboni. La kwanza ni "kimeisha". La pili ni "hakuna".

Lakini kwanza tuelewane kuhusu hoteli. Mgeni wa ng'ambo akiona kibao cha "Hoteli" huuliza bei ya chumba. Sisi tunajua hapo kuna mabenchi manne, ndoo ya maji yenye koki, na sabuni iliyoongezwa maji mpaka imesahau kazi yake. Kulala haturuhusiwi, ingawa nimewahi kusubiri ugali hadi nikasinzia. Mkahawa nao jina lake limezaliwa na kahawa. Agiza hiyo kahawa uone. Utaletewa chupa ya maji ya moto, kikopo cha kahawa ya unga na kijiko, ujikoroge mwenyewe, katika nchi inayolima kahawa kuanzia Kagera mpaka Mbinga.

Sasa turudi kwenye "hakuna". Neno hili nilifundishwa mbele ya mama mkwe, na fedheha ya mbele ya mkwe haina dawa. Alikuja kutusalimia kutoka Songea, nami nikataka kumwonyesha kwamba binti yake hakupotea njia. Nikawapeleka kwenye mgahawa mmoja wa kisasa, wenye taa za kuning'inia na menyu yenye jalada gumu, kurasa kumi na mbili, picha za rangi. Mama mkwe akavaa miwani, akaisoma kama anayetafuta aya ya mahubiri.

"Niletee huyu samaki wa kupaka, mwanangu."

"Samaki wa kupaka leo hakuna, mama."

"Basi pweza wa nazi."

"Pweza hakuna."

"Biriani?"

"Biriani mpaka Ijumaa, mama."

Mama mkwe akafunga menyu taratibu, akaiweka mezani na kuikunja miwani. "Mjukuu wangu, hebu nitajie kilichopo, tusichoshane."

"Kuna chipsi kuku."

"Kumbe kitabu chote hiki ni cha chipsi kuku?"

Tukaagiza hiyo chipsi kuku. Hapo likaingia neno la tatu ambalo ni mdogo wake "hakuna", nalo ni "inakuja". Ukiuliza, inakuja. Ukiuliza tena, inakuja, bosi. Ilikuja kwa saa nzima na dakika kumi. Dakika ya hamsini, mama mkwe aliyekaa upande wa dirishani aliona bodaboda ikiingia mlango wa nyuma, dereva akashusha mfuko uliokuwa unachuruzika maji ya barafu. Akanigusa mkono kwa upole: "Baba, usihangaike tena kuuliza. Kuku wetu ndiyo anaingia."

Bili nayo haikuchelewa hata kidogo. Chini ya menyu, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, paliandikwa kwamba bei hazijajumuisha VAT, yaani asilimia 18 juu ya kuku niliyemwona akiwasili. Tangu siku ile mama mkwe akipiga simu, baada ya salamu huniuliza kama kuku amefika.

Nisije nikaonekana mtu wa kulaumu wenzangu tu, mimi mwenyewe nina kesi Kariakoo. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, na pilau ya pale hainukii mtaa mmoja. Nilipata nafasi mkabala na mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mezani kulikuwa na ile chupa ya tomato, ile yenye mdomo mrefu ambao huwa umeganda tangu juzi. Nikaminya, haikutoka. Nikaitikisa, haikutoka. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaminya kwa hasira za wiki nzima.

Ikatoka yote. Sahani yangu haikupata hata tone.

Hoteli nzima ikanyamaza. Mzee akainamisha kichwa kutazama kifua chake, doa jekundu lilikuwa linatambaa kuelekea tumboni. Nikatoa shikamoo tatu mfululizo. Akaitikia marahaba moja tu, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nikifika nyumbani wakiniuliza nimepigwa risasi na nani, niwaambie nini?"

Nikajitolea kumlipia. Akakataa. Nikasisitiza. Akakataa kwa sauti ndogo zaidi. Nikasisitiza tena, na hapo ndipo ustaarabu wangu ulipoanza kunigharimu, maana alimwita mhudumu akaagiza pilau nyingine, nyama iongezwe, juisi ya ukwaju, na mbili za kufunga kwa ajili ya wajukuu. Nilitembea kwa miguu mpaka Posta. Kama kuna mhandisi anasoma hapa, nchi hii haihitaji chupa nyingine ya tomato mpaka atakapoirekebisha hii.

Chipsi mayai nazo zina sheria zake. Mimi hupenda kusimama karibu na karai nitazame. Muuzaji anatupia chipsi kwenye kikaango, anavunja mayai mawili kwa mkono mmoja, anayapiga kwenye kikombe cha plastiki, anamwaga kwa kuzungusha ili kila chipsi ipate haki yake. Kisha anafunika kwa sahani, anakigeuza kikaango juu chini, na zege linatua zima. Ni sekunde mbili tu, lakini sekunde hizo hataki kusemeshwa. Kosa langu lilikuwa kwenda siku ya Simba na Yanga, redio ikiwa dirishani. Zege langu lilipokuwa hewani, likaingia goli. Sahani ikaenda na mshangiliaji upande wa barabara, zege likaenda upande wa mkaa. Aliporudi, jasho linamtoka na furaha tele, alinitazama na kusema: "Braza, zako zimeungua, ila tunaongoza." Nilipokea pole hiyo kwa sababu na mimi ni wa timu hiyo hiyo. Ningekuwa wa timu ya pili, nadhani kesi ingefika kwa mjumbe.

Sasa "kimeisha". Nyuma ya ofisi yetu, chini ya mwembe na mabati matatu, yupo mama ntilie wangu. Jina hilo la kazi ni sala fupi ya wenye njaa: mama, nitilie. Hana menyu wala picha. Ana sufuria tano, na menyu ni yeye mwenyewe kufunua mfuniko. Wali, ugali, maharage, samaki, mchicha. Ukiwahi, unakuta vyote. Ukichelewa, unapewa taarifa: samaki kaisha, maharage yamebaki kidogo, mwanangu, usisimame hapo unatafakari.

Juzi kikao cha ofisi kilinichelewesha mpaka saa nane na nusu. Nilimkuta anakusanya sahani kwenye beseni.

"Kimeisha, mwanangu."

"Chote, mama?"

"Chote. Ungekuwa mtu wa kuwahi ungekula."

Nilipogeuka kuondoka, akaniita. Akachukua mwiko wa chuma, akainama ndani ya sufuria ya wali na kukwangua. Sauti ile aliyelelewa na bibi anaijua. Ukoko ukatoka bapa moja kubwa, rangi ya kahawia, pembeni umekauka na katikati bado una mafuta ya nazi. Akaumwagia mchuzi wa maharage uliobaki chini, akanipa. Nikatoa elfu mbili ya kila siku, akaisukuma nyuma. "Ukoko hauuzwi."

Nililia? Hapana, ni pilipili. Lakini nilielewa. Pale chini ya mwembe chakula kinaisha kwa sababu kilipikwa asubuhi ya leo, na watu wamekuja wakakila. Kwenye kurasa kumi na mbili chakula hakiishi kamwe, kwa kuwa hakikuwahi kuwepo.

Kwa hiyo, msomaji, ukiingia hoteli ngeni, usiulize kuna nini. Uliza kimeisha nini. Wakikutajia vitatu, kaa ule kilichobaki, na kesho uwahi kabla ya saa saba. Wakikuambia vyote vipo, shukuru, nyanyuka, nenda kale kwako. Na popote utakapokaa, chupa ya tomato ielekeze ukutani.