Saa ya Nakonde na Zulia Jekundu

Mtazamaji wa tuzo za filamu mjini Tunduma ni mtu anayelalamika akiwa ameketi benchi la mbele. Kwa kauli yake tuzo zimepangwa, washindi walishajulikana, mastaa wote ni wanafiki na gauni la mshereheshaji ni la kukodi. Akiombwa asogee kidogo ampishe mwenzake, hasogei: anasubiri kwanza watangaze muigizaji bora wa kike. Ugonjwa huu wa kukichukia kitu na huku umekiwekea miadi haukuanzia Tunduma, ila pale una vituko vyake, na vingi vinaletwa na mpaka.

Kikubwa ni saa. Tunduma imegusana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba mtu anaweza kufuata nyanya ng'ambo akarudi kabla maji ya ugali hayajachemka. Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha, ili dereva wa lori asimame mara moja badala ya mbili. Saa hazikuzinduliwa. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na mawimbi ya simu hayapangi foleni forodhani. Simu iliyolala mtaa wa Majengo ikiwa Mtanzania inaweza kuamka ikiwa Mzambia, ikajirekebisha saa bila kumwuliza mwenyewe. Sherehe imetangazwa kuanza saa mbili usiku. Mwenye simu hiyo anaingia kibanda umiza saa mbili kamili, ya kwake, kapiga pamba, karanga za moto mkononi, anakuta zulia jekundu limeshapitwa na vipengele vitatu vimeshatangazwa. Anauliza nani kashinda. Anapewa majibu matatu tofauti, kwa sababu umeme ulikatika katikati na waliomtangulia nao walikuwa wanabahatisha.

Tuzo za Oscar zinamtesa zaidi. Los Angeles wanapoanza jioni ya Jumapili, Tunduma ni Jumatatu usiku wa manane: kwa miaka mingi zilianza saa tisa usiku au baadaye, na tangu 2024 zimerudishwa nyuma kwa saa moja. Saa hizo kibanda umiza kimefungwa. Wanaobaki macho ni mlinzi, mhudumu wa mapokezi wa gesti, na madereva waliokwama kwenye foleni ya malori ambao hata wangetaka kulala, breki za upepo za jirani haziwaruhusu. Televisheni ya mapokezi ndiyo inayowakusanya. Tena ni Machi, mvua za nyanda za juu bado hazijaisha, na paa ni la bati. Mshindi anapanda jukwaani, anafungua mdomo, mvua nayo inafungua wa kwake. Wasikilizaji wanabaki kusoma midomo. Mvua ikizidi, dishi linapoteza mawasiliano na kioo kinaandika kwamba hakuna ishara, na mhudumu anatoka na mwavuli kwenda kulipiga dishi kofi la upole, tiba ambayo hakuna fundi aliyewahi kuieleza lakini wakati mwingine inakubali. Picha inaporudi, mshindi bado anamshukuru wakala wake. Taratibu za Oscar zinampa sekunde 45. Mwaka 2025 mshindi Adrien Brody alizungumza zaidi ya dakika tano. Sherehe nzima ya kwanza, Mei 1929, ilitoa tuzo zote kwa muda wa kama robo saa.

Mtazamaji huyu anaijua kazi ya kuangalia kitu na kukitilia shaka, kwa kuwa anaishi mjini ambako kila bidhaa imepita mkononi mwa mtu aliyesema ni orijino. Kwa hiyo hakuna mkasa wa zulia jekundu anaouelewa haraka kama ule wa Lupita Nyong'o. Binti huyo wa Kenya alishinda Oscar ya muigizaji msaidizi wa kike mwaka 2014 kwa filamu ya 12 Years a Slave, na Afrika Mashariki yote ikajipongeza kana kwamba ilikariri naye maneno ya filamu. Mwaka uliofuata alirudi kwenye sherehe hizo na gauni la Calvin Klein lililodariziwa lulu 6,000, likatajwa kuwa la thamani ya dola 150,000. Siku chache baadaye likaibwa hotelini. Kisha likarudishwa: mtu aliyedai kuwa ndiye mwizi aliwapigia simu waandishi kulalamika kwamba amezipeleka lulu kwa wataalamu na ameambiwa ni bandia. Yaani mwizi alijiona ndiye aliyetapeliwa. Mtu aliyewahi kununua simu akiwa juu ya bodaboda, akafika nyumbani akakuta ndani ya boksi kuna kipande cha sabuni, hahitaji maelezo zaidi.

Hapo ndipo neno unafiki linapoingia, na kwa Kiswahili cha Tanzania linaingia na kaulimbiu yake: msanii ni kioo cha jamii. Kauli hiyo hutajwa karibu kila sherehe, mara nyingi na kiongozi mgeni rasmi, na aghalabu msanii anayeambiwa hivyo anaitikia kwa kichwa huku akijitazama kwenye kioo cha simu. Unafiki wenyewe ni wa aina nyingi na si wote wenye uzito sawa. Upo wa staa anayehubiri maisha ya kawaida akiwa na walinzi wanne. Upo wa anayesema tuzo si muhimu, muhimu ni mashabiki, siku mbili baada ya kukosa. Upo pia wa kiki: wawili wanagombana mtandaoni wiki nzima, wanatukanana hadi wazazi wanahurumiwa, kumbe Ijumaa filamu yao inatoka. Mtazamaji wa Tunduma alizigundua kiki zamani. Kinachomuudhi ni kwamba kila ikija mpya, anaifuatilia.

Kisa kilichochanganya haya yote kilitokea kwenye Oscar za Machi 2022. Will Smith alipanda jukwaani akampiga kofi Chris Rock kwa sababu ya utani juu ya nywele za mkewe. Kwa saa ya Tunduma ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwa saa ya Nakonde, saa kumi na nusu. Kofi moja likalia saa mbili tofauti. Hata baadhi ya waliokuwa ukumbini walidhani ni sehemu ya onyesho. Kama dakika 40 baadaye mpigaji huyohuyo alitangazwa muigizaji bora wa kiume, akapanda tena, akalia, akazungumzia upendo, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi, ya mikono safari hii. Wiki mbili hazijaisha, taasisi inayotoa tuzo hizo ikamfungia kuhudhuria kwa miaka 10. Umma uliosimama kushangilia na umma uliolaani ulikuwa, kwa sehemu kubwa, umma mmoja. Miaka miwili kabla, Januari 2020, mchekeshaji Ricky Gervais alikuwa amewasimanga mastaa hao ana kwa ana kwenye Golden Globes, akawataka wakishinda wachukue tuzo zao washuke bila kuihubiria dunia. Walicheka sana. Wakaendelea kuhubiri.

Kwa haki, mtazamaji naye akaguliwe kama lori. Anadai tuzo za nyumbani zinatolewa kwa kujuana, lakini akiombwa kura hapigii filamu, anapigia timu. Msanii anayemshabikia akiwania kipengele cha uhariri wa sauti, atampigia. Asipowania chochote, atalalamika kaonewa. Filamu zenyewe hajaziona zote, na aliyoiona aliipata kwa flashi, ikiwa na sauti ya dijei anayetafsiri na kuongeza ya kwake, na kivuli cha mtu anayekwenda msalani kikikatiza chini ya picha. Aliyeigiza hakupata hata shilingi. Mtazamaji huyu angejisikia vibaya zaidi kama asingejua kwamba wakubwa nao walikuwa hivyohivyo: hadi Aprili 2025 ndipo wapiga kura wa Oscar, watu karibu 10,000 wenye taaluma, walipowekewa sharti la kuangalia filamu zote za kila kipengele kabla ya kupiga kura ya mwisho. Sherehe zilikuwa na umri wa karibu miaka 96.

Mara moja tuzo zilisogea jirani kabisa. Desemba 2021 tuzo za filamu za taifa, zinazosimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania, zilifanyika Mbeya, mwendo wa kilomita mia na kidogo kutoka Tunduma. Wanaokuja huku kwa ndege hutua Uwanja wa Songwe, na hapo kuna mtego wa jiografia unaowanasa hata wenyeji. Mkoa wa Songwe, ambamo Tunduma imo, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, lakini uwanja wenye jina la Songwe ukabaki Mbeya. Kwa hiyo staa anayejirekodi akishuka ngazi za ndege na kuwasalimu watu wake wa Songwe anawasalimu wa mkoa mwingine. Unafiki wa namna hiyo husamehewa, kwa kuwa hata vibao vinamsaidia.

Songwe yenyewe ina nyota moja tu iliyoanguka na kubaki. Ni kimondo cha Mbozi, kijijini Ndolezi, chuma cha takriban tani 16 kilichotoka angani, kilichotambuliwa na wanasayansi miaka ya 1930 na kuwekwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu za taifa mwaka 1967. Wageni hupiga nacho picha kila siku. Hakijawahi kumshukuru meneja wake. Sanamu ya Oscar, kwa kulinganisha, ina kimo cha sentimita 34 na uzito usiofika kilo 4, na ndani ya dhahabu ile ya juu ni shaba nyeusi.

Lakini hesabu haijakamilika bila ile nusu nyingine ya moyo. Machi 2016 jijini Lagos, Elizabeth Michael, yule wanayemwita Lulu, alichukua tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu, na Single Mtambalike, maarufu kama Richie, akachukua ya filamu bora kwa Kiswahili kwa Kitendawili. Mwaka 2022 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilipata Tanit ya Dhahabu kwenye tamasha la Carthage nchini Tunisia, na ikapelekwa Oscar kuiwakilisha Tanzania, miongo miwili baada ya Maangamizi kutangulia. Oscar haikuichukua. Ila habari kama hizo zikifika benchini, yule aliyekuwa anasema tuzo zote zimepangwa hunyamaza. Hupiga hesabu ya haraka, kisha hutangaza kwamba hii ya kwetu haikupangwa. Hii ni haki.

Siku jina la Mtanzania linaposomwa ukumbini, jenereta limewashwa na petroli imechangwa, hakuna anayekumbuka gauni la kukodi wala kiki ya wiki iliyopita. Mtu mzima mwenye duka la vipuri anasimama juu ya benchi. Benchi linakatika, kwa sababu ni la kukaliwa na watu sita na limekaliwa na kumi, na gharama ya mbao inawekwa kwenye kiingilio cha kesho yake. Wanatoka wakipangusa suruali, na kufika barabara kuu wameshaanza kusema kipengele cha mwisho kilikuwa cha kubebana.

Anayetaka nafasi ya mbele mwaka ujao awahi, na aangalie saa ya ukutani, si ya simu.