Mlangoni Jambazi, Ndani Mtumishi

Mtu anayetembea na kisu cha kukunja mfukoni ana vyeo viwili, na vyote havina mshahara. Mlangoni ni mshukiwa. Akishapita ndani anageuka mtumishi wa umma: afungue maboksi, akate keki, amenye machungwa, akwangue bazoka iliyoganda kwenye kiti cha mtoto wa watu. Walewale waliomkodolea macho pale getini ndio watakaomfuata baadaye wakinong'ona, "Samahani bosi, kile kisu chako unacho?"

Mimi ni mhasibu. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia nakusanya visu hutegemea kuona kovu usoni. Sina kovu. Nina kabati, ndani ya kabati kuna kopo la biskuti, na ndani ya kopo kuna visu vya kukunja vya kizamani, kila kimoja kimeviringishwa kwenye kipande cha khanga iliyochakaa. Mama Asha huviita "hizo mali zako", kwa sauti ileile anayoitumia akizungumzia madeni.

Kipenzi changu ni Okapi. Nilikipata Gerezani, Kariakoo, kwa mzee anayeuza vyuma chakavu, kimelala kati ya koleo na kufuli lisilo na ufunguo. Kipini chake ni cha mti, kimepambwa kwa miezi na nyota za chuma, na mgongoni kina pete ndogo. Ukikifungua kinalia krr-krr-krr, jino linashika baada ya jino, na hakikunjiki tena mpaka uivute ile pete. Sauti hiyo kwangu ni muziki. Kwenye daladala iliyofurika jioni, kila mtu anausikia muziki wake. Nilikitoa nimenye chungwa tu, na abiria walionibana mbavu tangu Posta wakapata nafasi ya kusogea ambayo konda alikuwa ameapa kwamba haipo. Mama mmoja akaivuta pochi yake akaifunika kwa mtandio. Akaitazama kazi kidogo, ganda likishuka utepe mmoja bila kukatika, kisha akapekua mfuko wake na kunipa machungwa mawili.

"Baba, nisaidie na haya."

Nilipofika Tabata nilikuwa nimemenya ya siti tatu za nyuma pia.

Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kikikusudiwa makoloni yao ya Afrika, sisi tukiwemo. Jina ni la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa ndio kwanza wamempa jina la kitaalamu mwaka 1901. Tangu 1988 utengenezaji umehamia Afrika Kusini. Yaani kisu kimezaliwa kwa Mjerumani, kimebatizwa jina la Kongo, kimehamia kwa Wazulu, kimetua mfukoni mwa mhasibu wa Tabata, na bado mlinzi wa benki anauliza, "Mzee, hiki umekitoa wapi?"

Nilimweleza. Alinivumilia mpaka 1902, akanikatiza.

"Sasa unakwenda kufanya nini nacho benki?"

"Nakwenda kuweka hela."

"Na kisu?"

"Kisu nimekuja nacho tu."

Lilikuwa jibu la kweli tupu, na ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Akamwita mwenzake. Mwenzake akakifungua, krr-krr-krr, na foleni nzima ikageuka. Mwishowe wakakiweka juu ya meza yao, pembeni ya daftari la wageni, wakaandika jina langu, namba ya simu, na kwenye safu ya "madhumuni ya ziara" wakaandika: KISU. Nikaingia, nikapanga foleni, mtandao ukakatika, mtandao ukarudi, nikaweka hela zangu. Kutoka, nikawakuta walinzi wamezunguka meza, embe dodo limekatwa vipande vinono juu ya gazeti, chumvi na pilipili pembeni, na Okapi yangu inachuruzika maji mpaka kwenye pete. Hawakushtuka. Walinikaribisha kipande.

"Mzee, kisu kizuri," akasema yule wa kwanza, akikifutia kwenye suruali ya sare. "Ila kinataka kinoo."

Mdogo wangu anayeishi London ananiambia kwao mambo hayana ubishi. Sheria ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja bila kutoa sababu, ilimradi bapa lisizidi inchi 3 na kisiwe na kitasa cha kulizuia lisijikunje. Okapi kwa hiyo haipiti. Huku kwetu milangoni kipimo ni uso wa mlinzi na kama ameshakula.

Kisu changu cha kazini ni Opinel, cha Wafaransa. Alikianzisha Joseph Opinel mwaka 1890 katika milima ya Savoie, na ukubwa wake huhesabiwa kwa namba. Changu ni namba 8, bapa la sentimita 8.5. Ni kitu cha kinyenyekevu: kipini cha mti cha mviringo, bapa, na pete ya chuma unayoizungusha ili kisijikunje. Tatizo lake ni kwamba mti ule haukuijua masika ya Dar es Salaam. Unyevu ukizidi, kipini kinavimba na kulibana bapa ndani, na kucha zako zote kumi hazitalitoa. Wenyeji wa Savoie wana dawa yake: unakishika kikiwa kimekunjwa, unagonga kitako cha kipini mahali pagumu, na bapa linachungulia nje lenyewe.

Aprili moja, mvua ikinyesha tangu alfajiri, tulikuwa na kikao cha kufungua zabuni. Bahasha zimefungwa kwa lakiri na gundi, mkasi wa ofisi haupo (mkasi wa ofisi haujawahi kuwepo), na katibu muhtasi akanitazama kwa jicho ninalolijua. Nikatoa Opinel. Imebana. Nikaigonga mezani, ko. Bado. Ko, ko.

Chumba kikanyamaza. Mwenyekiti akavua miwani.

"Naona mhasibu ana hoja. Karibu."

Macho yote kwangu. Kusema kwamba nagonga meza ili nitoe kisu lilikuwa jambo zito kuliko kutafuta hoja, basi nikasimama nikazungumzia gharama za dizeli ya jenereta. Nilikuwa naeleza vizuri tu, mkono ukinisaidia kwa ishara, na katikati ya sentensi ya tatu bapa likakubali kutoka, lote, likang'aa chini ya taa. Sijawahi kuona hoja ikipita kwa haraka namna ile. Mjumbe wa Ugavi, ambaye kwa kawaida hupinga hata muda wa chai, aliunga mkono kabla sijakaa.

Bapa hilo ni la chuma cha kaboni, si chuma cha pua, na hapa ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanzia. Chuma cha kaboni kikikutana na tindikali ya embe, ndimu au nanasi kinabadilika rangi: kwanza kijivu, kisha buluu ya wingu la mvua, baadaye kinakolea mpaka cheusi. Wakusanyaji huipenda rangi hiyo, kwa kuwa inasaidia kuzuia kutu na kila kisu hupata ya kwake kulingana na matunda ya mwenye nacho. Mama Asha anachojua ni kwamba embe limekuwa na ladha ya msumari. Siku moja nikarudi nikakuta bapa linameta. Alikuwa amelisugua kwa steelwire na sabuni ya unga mpaka buluu yote, misimu miwili ya maembe, imekwenda na maji ya karo.

"Nimekusafishia," akasema, akingoja shukrani.

Nikashukuru. Wenye ndoa wataelewa.

Kuna na kile chekundu cha Waswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la Uswisi kisu chenye bapa, kifungua makopo, tindo ndogo ya kutobolea na bisibisi ya kufungulia bunduki. Bisibisi ya kufungulia bunduki! Mtaani kwetu imefungua soketi, redio, kitanda cha mtoto na plagi ya pasi ya jirani, ambaye hurudia kila Ijumaa maana pasi yenyewe ni mbovu. Changu ni cha aina ile ya maofisa, chenye kizibuo cha mvinyo. Mama mkwe alikishika akakizungusha polepole.

"Na hiki kilichojisokota, baba, ni cha nini?"

"Cha kufungulia mafundo ya kamba, mama."

Nilisema kweli, maana mafundo kinayafungua vizuri sana. Akanitazama kitambo kirefu, na tangu siku hiyo kila kamba iliyojifunga nyumbani kwake hutumwa kwangu, za mbuzi zikiwemo.

Bibi yangu wa Tanga hakukubali kupokea kisu mkononi. Ulikiweka chini, naye akakiokota. Hivyo ndivyo ugomvi ulivyoepukwa. Wazungu nao wana ya kwao: ukipewa kisu zawadi, umlipe mtoaji sarafu, kisije kikakata urafiki. Nikaona nikusanye hekima zote mbili. Nilipompa shemeji yangu kisu, nilikiweka mezani, akakiokota, na nikamwomba sarafu. Akatoa shilingi mia. Urafiki haukukatika, lakini shemeji sasa anasema kisu kile alikinunua kwangu. Hupiga simu na malalamiko ya mteja: hakikati, kimelegea, nimrekebishie. Mwezi uliopita aliulizia risiti.

Na Idi ya kuchinja ndiyo usiseme. "Wewe si ndiye mwenye visu?" walikuja wakisema asubuhi na mapema. Niliwaeleza kwamba hivi ni vya kukunja, ni vifupi, mbuzi haviwezi. Hata mbuzi mwenyewe aliliona hilo. Mchinjaji akaja na kisu chake cha jikoni, kipini cha plastiki ya kijani, cha bei ya kuku mmoja wa kisasa, kimenolewa mpaka unaogopa kukitazama, akamaliza kazi yake kwa bismillahi moja. Vyangu viligawiwa vijana wa kuchuna ngozi, wa kusafisha utumbo, na mtoto mmoja aliyetaka kuchonga kijiti. Nilivikusanya magharibi, nikatumia maji ya moto na mswaki kutoa mafuta kwenye maungio. Wazee wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mimi nilikwenda na kopo zima, nikarudi na shingo.

Basi ukinikuta harusini au msibani, chungwa leta. Bahasha leta, kamba leta, hata mfuko wa saruji nitaukata. Kopo la rangi mpelekee fundi, na soda iliyofungwa mwulize mwenye nyumba kifunguo kiko wapi. Na ukiondoka na kisu changu, nakuomba ukifute kikauke kabla hujakilaza: chuma cha kaboni, kwa hewa yetu hii ya pwani, usiku mmoja unakitosha kushika kutu.